Disney Wako na Jiko, Boma na Harambe. Sisi Mtongwe Je?

Wasee wa Mtongwe, Likoni na ng'ambo yote, cheki hii. Kule Florida, Marekani, Disney wako na mgahawa unaitwa Jiko. Si utani, jina ni hilo hilo. Tena ni wa mabazuu, unabuki meza mapema na divai inatoka Afrika Kusini. Hapo hapo kuna mwingine unaitwa Boma, huo wa kujichotea mwenyewe hadi tumbo ikatae. Yote miwili iko kwa hoteli iliyofunguliwa 2001 kando ya paki yao ya Animal Kingdom, na mgeni akifungua dirisha anaona twiga.

Sasa ingia ndani ya paki yenyewe. Utapata mji mzima wa kuigiza unaitwa Harambe. (Ile e ya pili sijui ilimezwa na nani.) Paki ilifunguliwa 1998, na walioubuni mji huo walichukua mtindo kutoka Lamu. Kuta zimechubuliwa makusudi ndio zikae zimekula chumvi ya bahari miaka mingi. Ukiwa na njaa kuna Tusker House, ukiwa na kiu kuna Dawa Bar. Halafu 2015 wakaongeza kitu kimoja, na hapo ndio nataka ukae na mimi kidogo: Harambe Market. Soko la chakula la vibanda. Unapanga laini dirishani, unachukua dishi yako, unakaa nje na wasee usiowajua. Kibanda kimoja walikibatiza Kitamu Grill.

Fikiria hiyo vizuri. Hii ni kampuni iko na pesa ya kujenga chochote. Wangeweka jengo la vioo na baridi ya kufanya meno yagongane. Lakini walikaa chini, wakapiga hesabu, wakaona chenye mgeni anataka ni kibanda, foleni na moshi. Na kuingia tu kwa hiyo paki ni zaidi ya dola 100 kwa siku, yaani unaaga 13,000 hivi kabla hujanusa hata soseji. Watu wanalipa hiyo doh ndio wapate kuhisi, kwa masaa machache, kile wewe unakipata bure ukishuka stejini jioni na mama anageuza viazi karai kwa mafuta.

Na hawa jamaa hawachezi na maneno yetu. "Hakuna Matata" walisajili kama alama yao ya biashara huko Marekani, ikapita 2003, mambo ya fulana. Watu walikuja kushtuka 2018, petisheni zikazunguka, kelele ikawa mingi. Mimi hiyo hainisumbui sana, kusema ukweli. Hakuna mtu atakushika Likoni kwa kusema hakuna matata. Chenye kinanisumbua ni hiki: wao wanajua kibanda ni mali, na huku kwetu kibanda ni kitu cha kwanza kuondolewa mahali pakitaka kupendezeshwa.

Chukua Mama Ngina. Kabla ya ukarabati, stori ya Mama Ngina ilikuwa gani? Ni kukaa pale ukutani, muhogo wa kuchoma uko na ndimu na pilipili, dafu mkononi, unatazama meli ikiingia Kilindini. Hiyo ndio ilikuwa inaleta watu. Serikali ikaingiza shilingi milioni 460, na Uhuru Kenyatta akapafungua Mashujaa Dei, 20 Oktoba 2019. Pakapendeza, siwezi kukataa. Milango ya mtindo wa Kiswahili, mahali pa kutembea, picha zinatoka kali. Lakini kabla ya hapo wauzaji waliambiwa wapishe ujenzi. Na mtu wa biashara ya karai akipisha miezi hivyo, mtaji unaliwa nyumbani, wateja wanazoea kwingine. Hata ukimwambia arudi, anarudi na nini?

Usiniambie eti haiwezekani kurekebisha paki na watu wako ndani ya mpango. Zanzibar waliweza. Bustani ya Forodhani ilifungwa 2008, wakfu wa Aga Khan ukairekebisha, ikafunguliwa Julai 2009. Wapishi wa jioni walirudi, wakapangiwa eneo lao, taa zikawaka. Leo mtalii akifika Unguja, usiku wake wa kwanza anaambiwa nenda Forodhani, kunywa juisi ya miwa, kula urojo, kula ile wanaita pizza ya Zanzibar. Hakuna kampuni kubwa ilihitajika. Ile paki inabebwa na wale wapishi.

Kuna mtu atasema, wacha waje hao wakubwa, si wataleta job? Watazileta, zingine. Lakini kumbuka Januari 2022. KFC iko Kenya tangu 2011, na siku hiyo ikaishiwa na chipsi. Viazi vilikuwa vinatoka ng'ambo, meli zikachelewa. Na Nyandarua viazi viko mpaka vinaoza! Wakaeleza kuwa muuzaji lazima apitishwe kwanza kwa ubora wao. Wakenya walifura, ndio kampuni ikaanza kuongea mambo ya viazi vya hapa. Sasa jiulize: miaka zaidi ya 10 nchini na mkulima wa Nyandarua hakuwa kwa sahani. Wewe wa Mtongwe unadhani samaki wako, nazi yako na ndimu yako vitaingia kwa menyu ya mgahawa wa aina hiyo vipi, bila mtu kulazimisha?

Na hii ni ya kwetu haswa, kwa sababu sisi kwenda town kula na kutembea si kitu kidogo. Kuvuka ni kuvuka. Feri kwa mguu ni bure, sawa, lakini masaa hayo unapoteza si bure. Na hapa Mtongwe hatuhitaji kufundishwa maji ni nini, feri ilizama hapa 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa. Wazee bado wanaitaja tarehe hiyo kwa sauti ya chini. Kwa hivyo mahali pa jioni upande huu, pa kukaa na mbogi, na dem wako, na mamako, si anasa.

Sasa barabara ya Dongo Kundu imeunganisha South Coast na Miritini bila kugusa feri. Eneo la viwanda linakuja Dongo Kundu. Njia ikifunguka hivyo, pesa hufuata, na pesa ikifika huanza kuangalia ufuo. Atatokea mwekezaji na mchoro wa rangi rangi: paki, mikahawa, maduka, watoto wanateleza kwa maji. Chuo mimi niliachia katikati, lakini hii haihitaji digrii.

Mtaitwa kikao cha maoni ya umma, saa nne asubuhi, na soda. Nenda. Usipige kelele, uliza tu. Vibanda ni vingapi? Kodi ni ya siku ama ya mwezi? Mwenye anauza hapo leo anapewa nafasi kabla ya nani? Wakati wa ujenzi atauzia wapi? Halafu omba uangalie ule mchoro karibu. Huwa wanachora miti, benchi, na mzungu anatembeza mbwa. Waulize mama wa mahamri amechorwa wapi.