Sikio la Muziki Hufunzwa

Mara nyingi mtoto akikosea sauti katika kwaya ya shule huambiwa kuwa hakuzaliwa na kipaji, naye huondolewa. Kwa maoni yetu, hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi.

Uwezo wa kuitambua sauti ya muziki kwa kuisikia tu, bila kuilinganisha na nyingine, ulidhaniwa kwa muda mrefu kuwa tunu ya wateule wachache. Mtafiti wa Kijapani, Ayako Sakakibara, aliwafunza watoto 24 wa umri wa miaka 2 hadi 6 kutambua sauti za piano zilizopigwa kwa pamoja, kwa mazoezi mafupi ya kila siku. Wawili waliacha, 22 waliobaki wote waliupata uwezo huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014.

Ni kweli kwamba watoto hao walianza mapema, na kwamba mazoezi hayamfanyi kila mtu kuwa bingwa. Hata hivyo, nani ana haki ya kusema mtoto hana sikio ilhali hajamfunza? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika jambo hili mwalimu ndiye wa kwanza kuinama.