Kitu au Mhusika? Istilahi za Uandishi wa Programu na Mwelekeo wa Maana

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi ya kompyuta umetawaliwa na swali la jina la mashine yenyewe. Wapo walioshikilia kompyuta, wapo waliotetea ngamizi, na wapo, hususan nchini Kenya, waliopendelea tarakilishi. Mjadala huo una manufaa yake, lakini umechukua nafasi kubwa kuliko inayostahili. Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu hakwami kwenye jina la mashine. Hukwama kwenye dhana zinazomwezesha kuiamuru. Dhana hizo huzipokea kwa Kiingereza, huzikariri, huzirudisha katika mtihani, na mara nyingi hawezi kumfafanulia mwenziwe kwa lugha yoyote ile.

Makala haya yanajadili mitindo miwili ya msingi ya uandishi wa programu, na kutetea hoja moja: istilahi ipimwe kwa kuangalia mahali ambapo maana yake ya awali inampeleka mwanafunzi, wala si kwa ulingano wake na neno la Kiingereza.

2.0 Mitindo miwili

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo. Katika mtindo wa kwanza, mwandishi wa programu huanza kwa kuuliza: ni hatua zipi zifuatwe? Salio la kila mwanachama huwekwa katika jedwali, kisha huandikwa mafungu ya hatua yanayolishughulikia jedwali hilo: fungu la kuweka fedha, fungu la kutoa, fungu la kukokotoa riba. Data imetulia mahali pake, nazo hatua huijia na kuibadilisha. Fortran ya mwaka 1957, Pascal ya mwaka 1970 na C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika Maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, zote zimejengwa juu ya fikra hiyo.

Katika mtindo wa pili swali la kwanza hubadilika: ni nani wanaohusika, na kila mmoja ana wajibu gani? Hapa akaunti yenyewe hushika salio lake pamoja na matendo yanayoruhusiwa juu ya salio hilo. Sehemu nyingine ya programu ikitaka fedha zitolewe, haiendi kulipunguza salio. Huipelekea akaunti ombi, nayo akaunti huchunguza masharti yake kabla ya kukubali au kukataa.

Tofauti hii hudhihirika pale kanuni zinapobadilika. Chama kikiamua kwamba salio lisishuke chini ya shilingi 10,000, mwandishi wa mtindo wa kwanza hulazimika kulitafuta kila fungu linaloligusa salio, na akisahau moja, kanuni huvunjwa bila mtu kujua. Mwandishi wa mtindo wa pili huibadilisha akaunti peke yake, maadamu hakuna njia nyingine ya kulifikia salio.

Isidhaniwe kwamba mtindo wa pili ni mrithi kijana aliyekuja kuuzika wa kwanza. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni Simula 67 mjini Oslo, Norway, kwa ajili ya kuigiza kwa kompyuta shughuli za ulimwengu halisi. Hiyo ni lugha ya mwaka 1967, mwaka uleule ambao sheria ya Bunge la Tanzania iliunda BAKITA, nayo imeitangulia C. Katika miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake waliendeleza fikra hiyo huko California kwa lugha ya Smalltalk, na mwaka 1979 Bjarne Stroustrup alianza kuiingiza katika C, kazi iliyozaa C++. Java ilifuata mwaka 1995. Hata hivyo, kiini cha mfumo wa Linux, ulioanza mwaka 1991, kimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa C. Aidha, kazi ndogo kama kutafuta wastani wa alama za darasa hufanywa vizuri kwa hatua chache bila kuhitaji wahusika wowote. Kwa hakika, hata ndani ya kila tendo la akaunti bado mna hatua zinazofuatana.

3.0 Kasoro ya kutafsiri neno kwa neno

Mfasiri anayefuata kamusi ataanza na neno kitu, kwa kuwa ndilo linalolingana na jina la Kiingereza la dhana kuu ya mtindo wa pili. Katika Kiswahili, hata hivyo, kitu husimama mkabala na mtu. Kitu hutendwa; hakitendi. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba akaunti ni kitu atawazia kile jedwali lililotulia likingoja kuguswa, yaani atarudishwa kwenye mtindo wa kwanza na neno lililokusudiwa kumtoa humo.

Neno la pili ni lile ambalo Kiingereza hulitumia kwa maana ya darasa, tabaka na ngeli, na ambalo katika programu hutaja ruwaza ambayo akaunti zote hutengenezwa kwayo. Darasa na tabaka hazihitaji kukanushwa kwa kirefu. Ngeli ndiyo yenye kishawishi, hasa kwa wanaisimu. Lakini ngeli ni kundi la nomino zilizokwisha kuwapo. Nomino mti haikuzaliwa na ngeli yake. Ruwaza ya programu hutangulia, na akaunti hutokana nayo. Isitoshe, ruwaza moja yaweza kurithi sifa za nyingine, jambo ambalo ngeli hazilifanyi.

Hata jina la mtindo wa kwanza lina mtego. Tafsiri nyepesi ni utaratibu, wingi wake taratibu. Lakini taratibu pia ni kielezi chenye maana ya polepole. Atakayesoma habari za programu taratibu aweza kudhani anaonywa juu ya kasi yake.

4.0 Mapendekezo

Kwa kufuata kipimo kilichotajwa, yafaa mitindo hii iitwe mtindo wa hatua na mtindo wa wahusika. Mhusika hufahamika katika fasihi kuwa ni yule mwenye sifa zake, matendo yake na nafasi yake katika tukio, na ambaye huingiliana na wengine kwa kauli. Maana hiyo inampeleka mwanafunzi karibu sana na dhana inayofundishwa.

Ruwaza iitwe kiolezo. Fundi cherehani hukata nguo nyingi kwa kiolezo kimoja, na kila nguo ikapata mvaaji wake. Kule kushika data pamoja na matendo yake, na kuzuia wengine wasiifikie, kuitwe ufumbataji, kwa kuwa kufumbata ni kushika ndani ya kiganja kilichofungwa.

Urithi ubakie, ila ufafanuliwe kwa uangalifu. Mwanafunzi akikumbuka mirathi atawaza kifo na mgawanyo wa mali, ilhali kiolezo cha awali hakifi wala hakipungukiwi. Afundishwe kwa mfano wa mtoto aliyerithi sura ya mama yake. Akaunti ya muda maalumu hurithi sifa zote za akaunti, kisha ikaongeza masharti yake.

Dhana ya mwisho ni ngumu zaidi: ombi moja likipelekwa kwa wahusika mbalimbali, kila mmoja hulitekeleza kwa namna yake. Neno toa likipelekwa kwa akaunti ya kawaida, fedha hutoka. Likipelekwa kwa akaunti ya muda maalumu kabla ya siku kutimia, hukataliwa. Dhana hii yaweza kuitwa mwitikio anuwai, na Kiswahili kina kitenzi kinachoifafanua vizuri. Piga pasi, piga kura, piga deki, piga simu: anayeambiwa piga peke yake hajui la kufanya mpaka itajwe nomino. Mfano huu una mpaka wake, maana pasi haijipigi yenyewe, ilhali akaunti hulitekeleza ombi yenyewe. Mwalimu auoneshe mpaka huo waziwazi.

5.0 Pingamizi

Yawezekana kupinga kwamba mhusika ni mali ya fasihi, na kwamba akaunti haistahili upatanisho wa kiumbe hai. Kuhusu la kwanza, taaluma hukopeshana istilahi kila siku; kosa ni kukopa neno linalopotosha. Kuhusu la pili, Kiswahili tayari huruhusu maana kuongoza upatanisho: kiongozi na kipofu huchukua upatanisho wa watu ingawa umbo lao ni la ki-vi. Katika ngano, fisi na sungura hujadiliana bila msikilizaji kutatizika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ingetosha kutohoa, kama ilivyofanyika kwa programu na data. Maneno hayo mawili yamefaa kwa sababu yanataja mambo ambayo mtumiaji huyaona akiyatumia. Neno la kutohoa halimpotoshi mwanafunzi, lakini halimwelekezi pia. Pale dhana inapokuwa ngeni na isiyoonekana kwa macho, mwelekeo huo ndio anaouhitaji.

6.0 Hitimisho

Tasnifu nyingi za istilahi huishia kwenye orodha: safu ya Kiingereza, safu ya Kiswahili, na maelezo ya mbinu iliyotumika, ama kuambatanisha, ama kunyambua, ama kutohoa. Orodha hizo hupima umbo. Hazioneshi iwapo mwanafunzi aliyepewa neno ameielewa dhana, wala iwapo maneno ya safu moja yanaelewana yenyewe kwa yenyewe. Mhusika, kiolezo, ufumbataji na urithi hazina budi kuchaguliwa pamoja, kwa kuwa kila moja hufafanuliwa kwa kutaja nyingine.

Kazi iliyobaki ni ya pamoja kati ya idara za Kiswahili na za sayansi ya kompyuta. Mapendekezo haya yapelekwe mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waombwe kueleza kwa Kiswahili kwa nini akaunti ilikataa kutoa fedha. Wakishindwa, istilahi zibadilishwe, hata kama zimekwisha kuchapwa katika kamusi.