MICHORO YETU IBAKI MIKONONI MWETU

Mwaka 1963, huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu iitwayo Sketchpad. Kwa kalamu ya mwanga alichora juu ya kioo cha kompyuta, nayo mashine ikainyoosha mistari yake. Mwaka 1982 ikaja AutoCAD, na kazi hiyo ikawezekana katika kompyuta ndogo za ofisini. Leo elimu hiyo imekwisha kufika Unguja na Pemba.

Linalotupasa kulitafakari sasa ni lijalo. Programu hizi zinaendelea kuhamia katika mitambo ya makampuni ya ng'ambo. Huko, akili mnemba itapewa ukubwa wa kiwanja, uzito wa paa na nguvu ya upepo, nayo itamletea mhandisi michoro kadhaa achague. Hiyo ni neema, wala hatuipingi. Lakini kalamu ya namna hiyo haiuzwi, hukodishwa. Wenye AutoCAD waliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. Asiyelipa hufungiwa mlango, nayo kazi yake imo ndani.

Sisi wa Visiwani tunayajua madhara ya jengo kukosa matunzo. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Atakayekarabati majumba ya Mji Mkongwe miaka hamsini ijayo atahitaji vipimo vyake, iwe kodi ya programu imelipwa au haikulipwa.

Kwa hiyo twasema wazi. Kila mkataba wa jengo la umma utamke kwamba michoro ni mali ya Serikali. Iletwe katika muundo usiofungwa na kampuni moja, kama vile IFC, uliofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2013, na nakala itunzwe katika Nyaraka za Taifa. Vijana wetu nao wafundishwe programu huria kama FreeCAD, pamoja na hisabati iliyo nyuma yake. Elimu hiyo si ngeni kwetu: neno algoriti latokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9.

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Viongozi wanaohusika wasisubiri mlango ufungwe ndipo waulize ufunguo uko wapi.