Tunampenda Marcel, tunamfukuza mgeni

Anayeiona filamu Le Havre humpenda Marcel Marx. Mzee huyo mng'arisha viatu anamficha Idrissa, mtoto wa Gabon aliyeingia Ufaransa ndani ya kontena bila karatasi. Mtaa mzima unamsaidia, polisi wanazungushwa, na mtoto anapanda mashua kumfuata mama yake London. Kushangilia ni rahisi: mtoto ni wa kwetu, polisi ni wa wengine.

Lakini hapa Mutwanga, mashariki mwa Kongo, mgeni akitokea kwenye mashamba ya kakao bila kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, mashabiki haohao wa Marcel husema: asiye na kadi ni wa ADF, kundi la waasi wanaoua raia huku. Ni uongo, na shuku ya namna hiyo imekwisha kuua. Oktoba 2014, mjini Beni, umati ulimuua kijana uliyemshuku kuwa ni ADF kwa sababu hakuweza kuwajibu kwa lugha yao. Miaka iliyofuata Banyabwisha, Wahutu kutoka Rutshuru waliokuwa wakielekea mkoa wa Ituri, walizuiwa Butembo, wanawake na watoto wakiwemo, nasi tukaona ndio ulinzi.

Hofu siibezi. Bomu lililolipuka kanisani Kasindi tarehe 15 Januari 2023 lilikuwa jirani yetu kabisa. Ila aliyepanga kuua ana kila sababu ya kujitafutia kadi mapema. Anayeikosa mara nyingi ni yule ambaye nyumba yake imechomwa, akatoka mbio na mtoto mgongoni. Julai 2013 watu zaidi ya 60,000 wa upande wa Kamango walivuka mpaka kwenda Bundibugyo, Uganda, wakiikimbia ADF hiyohiyo. Uganda ingefuata kanuni yetu, wangapi wangepita?

Na kadi yenyewe tunaipa heshima isiyo yake. Nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984. Sheria ya kuandikisha wapiga kura inakubali asiye na hati yoyote aandikwe kwa ushahidi wa watu watano waliokwisha andikishwa kituo kilekile. Maana yake, hata serikali ikikosa karatasi huuliza majirani.

Basi tuulize. Mgeni apelekwe kwa chefu wa kijiji, aseme ametoka kijiji gani, nani anamfahamu, wenzake wamebaki wapi. Kama kuna jambo anashukiwa nalo, litajwe mbele yake kwa lugha anayoisikia, hata ikibidi kutafuta mkalimani. Na usiku huo ale, alale ndani, kwa chefu mwenyewe ikiwa majirani wanaogopa.