Utani wa kabila usiwe kinga ya wahadhiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowasibu mabinti zetu vyuoni.

Likizo iliyopita msichana niliyemfundisha hapa Bugarama, ambaye sasa yuko chuo kikuu, alinieleza yaliyompata. Mhadhiri wake mmoja alizoea kumwuliza mbele ya wenzake, "Wewe Msukuma, baba yako anataka ng'ombe wangapi?" Darasa zima hucheka. Baadaye aliulizwa swali hilo hilo ofisini, mlango umefungwa, na habari ya alama za mtihani ikaingizwa humo. Alipokwenda kushitaki aliambiwa kwamba yule ni mtani wake tu.

Mimi ni Msukuma na utani naujua. Mtani akinitupia neno namrudishia, na siku ya msiba ndiye mwenye ruhusa ya kutuchekesha. Je, mwanafunzi atamrudishia neno gani mtu anayeshika alama zake?

Sheria hazikosekani. Ile ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inahusu udhalilishaji wa kijinsia, na ile ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono. Vyuo navyo vina sera na Madawati ya Jinsia. Ila kabila tunaona haya kulitaja katika karatasi zetu (na sababu yake ni njema), ingawa Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa kabila na kwa jinsia pia. Binti huyu aliguswa kwa yote mawili katika sentensi moja, na lile la kabila likageuka kinga ya mkosaji.

Mwaka 1990 pale Mlimani mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume. Mtindo wa siku hizo wa "Mzee Punch", wa kubandika kashfa za watu ukutani, nao ulikuwa na watetezi waliouita mzaha.

Naomba wakuu wa vyuo waandike wazi katika sera zao kwamba utani si utetezi wa mwalimu mbele ya mwanafunzi wake, na malalamiko yasipokelewe na watu wa idara ile ile. Binti huyo amekwisharudi chuoni. Muhula huu bado anasoma kwa mhadhiri yule yule.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bugarama, Shinyanga.