Seramiki juu ya rangi ya gari: penseli, vumbi na jua la Maskati

Seramiki ya gari ni kimiminika kinachopakwa juu ya rangi, kikakauka na kuwa utando mgumu unaong'aa. Kiini chake ni silika, muungano wa silikoni na oksijeni ambao ndio pia malighafi kuu ya kioo cha dirisha. Ndani ya chupa utando huo haujakamilika: upo katika hali ya siloksani au polisilazani, kemikali zinazosubiri unyevu wa hewa ili zifungamane na kuishika rangi iliyo chini yake. Kwa hiyo hauondoki kwa sabuni kama nta, wala haubanduki kama karatasi ya nailoni.

Gari la kisasa lina matabaka manne juu ya bati: prima ya kuzuia kutu, prima ya kusawazisha, rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Yote kwa pamoja huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa binadamu una takriban 70. Utando wa seramiki, kwa kawaida, ni maikroni moja au mbili. Tarakimu hizi zinafaa kushikwa, maana nusu ya ahadi zinazotolewa madukani huporomoka mbele yake.

Hamriya, mtaa wa maghorofa na maduka pembeni mwa Ruwi jijini Maskati, ni mahali pazuri pa kuzipima ahadi hizo. Magari mengi hulala nje na kushinda nje. Gereji za Wadi Kabir ziko jirani, na katika mji ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani ya familia nyingi zenye asili ya Unguja na Pemba, mazungumzo ya mteja na mwenye duka yanaweza kabisa kuanza kwa "hujambo". Maadui wa rangi wanajulikana: jua, chumvi ya bahari, vumbi la milimani na joto lisilopumzika. Mwezi Juni 2018 huko Qurayyat, ndani ya mkoa wa Maskati, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24, usiku ukiwemo.

Ahadi inayosikika zaidi ni ile ya ugumu wa "9H". Wengi huidhani kuwa ni daraja la tisa katika kipimo cha madini cha Friedrich Mohs, ambamo tisa ni yakuti na kumi ni almasi. Sivyo. H hiyo ni ya penseli. Katika jaribio hili penseli husukumwa juu ya utando kwa mwinamo wa nyuzi 45, ikianza laini ikiendelea ngumu, na utando hupewa jina la penseli ngumu kuliko zote iliyoshindwa kuuharibu. Kipimo cha kimataifa, ISO 15184, huishia 9H. Chupa inayojinadi kwa 10H inadai penseli isiyokuwamo. Na penseli, hata ile ngumu, ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Punje ya kwazi iliyomo katika vumbi ina daraja la saba kwa Mohs, na maikroni moja ya seramiki haina la kuifanya. Gari lililopakwa seramiki likifutwa kavu kwa kitambaa chenye vumbi litachorwa mikwaruzo kama jingine lolote. Pengine mikwaruzo itakuwa michache, kwa kuwa utando unateleza. Haitakosekana.

Ahadi ya pili ni ya maji, na hiyo ina ukweli mwingi zaidi. Seramiki huyasukuma maji yajikunje kuwa matone ya duara, yakabingirika na kuondoka na uchafu. Wauzaji hupenda kulimwagia boneti ndoo mbele ya mteja, na kweli hupendeza. Lakini tone lisilobingirika hukauka papo hapo, na chini ya jua la saa sita mchana Hamriya hilo ni suala la dakika chache. Maji huenda, madini hubaki. Hata maji ya bomba ya Maskati, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, huongezewa madini kabla ya kusambazwa, na kalsiamu yake huacha viduara vyeupe juu ya seramiki. Duara likiachwa siku nyingi hung'ang'ania utando wenyewe. Kwa mji huu, basi, tone zuri la duara ni sifa yenye kasoro ndani yake: linafaa pale tu panapokuwa na mtu wa kulikausha.

Faida isiyonadiwa sana ndiyo kubwa kuliko zote. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki. Kikitua juu ya klia iliyolainishwa na joto huila na kuacha alama isiyotoka kwa kuosha. Kunguru wa Maskati ni jamii ile ile iliyopelekwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ipunguze taka, kwa hiyo msomaji wa Darajani au wa Mombasa hahitaji maelezo zaidi. Seramiki huchelewesha asidi hiyo, na mwenye gari hupata muda wa kuifuta. Nta ya kanauba, iliyotumika miaka mingi, huyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, na boneti jeusi juani huukaribia ukomo huo. Nta hudumu wiki kadhaa, seramiki nzuri hudumu miaka miwili au zaidi. Dhidi ya kupauka kwa jua msaada wake ni mdogo. Kazi hiyo hufanywa na vizuia-mionzi vilivyochanganywa ndani ya klia kiwandani, na kivuli kinavishinda vyote.

Kinacholipiwa hasa ni kazi ya mikono. Seramiki hufungia chochote kilichopo chini yake, pamoja na mikwaruzo. Gari huoshwa, chembe za chuma huyeyushwa kwa dawa, uchafu ulioganda huvutwa kwa udongo maalumu, klia hupigwa polishi kwa mashine, kisha mafuta yote hufutwa kwa spiriti. Ndipo chupa hufunguliwa. Dawa hupakwa kipande kidogo kidogo na kusawazishwa kwa kitambaa cha maikrofaiba kabla haijashika. Ikichelewa, huacha madoa meusi yanayohitaji polishi tena. Juu ya bati la moto hushika haraka mno, kwa hiyo fundi anayeipaka uani wakati wa kiangazi cha Maskati anaiharibu, hata kama chupa yake ni ya bei mbaya. Chumba chenye kiyoyozi na taa kali ni sharti. Baada ya hapo gari halipaswi kuguswa na maji kwa saa 24, wala sabuni kwa wiki moja hivi.

Mawe yanayorushwa na malori ni habari nyingine. Kinga yake ni filamu ya poliyurethani yenye maikroni 150 hadi 200, ambayo ni ghali zaidi na hubandikwa sehemu za mbele tu kwa wenye kubana matumizi.

Utunzaji ndio unaoamua. Manispaa ya Maskati inakataza kuosha magari ovyo hadharani, na jambo hilo huwasukuma wengine kwenye kitambaa kikavu kila asubuhi, njia mbaya kuliko zote. Gari lenye seramiki huoshwa kivulini kwa shampuu isiyo kali, maji mengi yakitangulia kuondoa vumbi, kisha hukaushwa papo hapo. Utando ukichoka hauna njia rahisi ya kuvuliwa: huondolewa kwa polishi, na kila polishi hula sehemu ya klia isiyorudi. Ndiyo sababu fundi makini huanza kwa kupima unene wa rangi kwa kifaa, na akikuta klia imebaki nyembamba hukataa kazi.