BARAZA LA MUTANGA: Mapacha wa mbele na daftari la Mwalimu

Ndugu msomaji, juma lililopita niliandika katika safu hii kwamba timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, haijapata kuwa na jozi ya washambuliaji iliyowazidi Fiston Abdul Razak na Saido Berahino. Niliandika kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kunywa chai yake na ambaye hana mpinzani mezani. Wino wa gazeti haujakauka, wapinzani wakawa wamefika mlangoni.

Hapa kwetu Mutanga Nord tuna baraza letu. Ni viti vichache na benchi moja lililolemaa mguu, nje ya lango la Afande mmoja aliyestaafu polisi. Jua likishuka kuelekea ziwani, hukutana hapo askari walio likizo, makarani kama mimi, na wazee ambao hawaendi tena kokote. Jioni ile nilipofika, Afande alikuwa ameshika ukurasa wangu, ameukunja mara nne kama hati ya mashtaka.

"Mwalimu," akaniambia (ualimu niliuacha zamani, ila jina limenigandia), "umeandika kwamba katika safari ya kwenda Misri mwaka 2019 tulifunga mabao 11 katika michezo sita ya kundi letu, na Fiston peke yake akafunga 6. Vema. Sasa hapo jozi iko wapi? Mimi namwona mtu mmoja tu."

Nilitafuta jibu. Nikasema kwamba Berahino alipovaa jezi yetu kwa mara ya kwanza, Septemba 2018, kule Libreville, alifunga siku ile ile na tukatoka sare ya 1-1 na Gabon. Nikakumbusha kwamba huyu ndiye kijana aliyezaliwa hapa Bujumbura, akakimbilia Uingereza akiwa mtoto, na katika msimu wa 2014/15 akaifungia West Bromwich Albion mabao 20. Afande akatikisa kichwa. "Hayo ni ya West Bromwich," akasema. "Mimi nauliza ya hapa."

Yeye ana jozi yake: Fiston na Saidi Ntibazonkiza. Ntibazonkiza, anasema, ni fundi asiyezeeka. Na kweli, katika msimu wa 2022/23, akiwa amefikisha umri ambao wengine huwa wamekwisha kuwa makocha, alifungana na Fiston Mayele wa Yanga kwa mabao 17 kileleni mwa orodha ya wafungaji wa ligi ya Tanzania. Hapo nami nikapata pa kumshika. Mwaka 2021 Ntibazonkiza na Fiston wetu walikuwa pamoja Yanga, jezi moja, uwanja mmoja, na Fiston hakudumu pale zaidi ya nusu msimu. Ikiwa watu wawili ni jozi kwa sababu tu wote wawili ni hodari, mbona Dar es Salaam hawakuwa?

Mzee mmoja aliyekulia Kigoma aliingilia kati. Kwake mambo yote mazuri ya kandanda yalitokea kabla ya mwaka 1980. Akatusimulia tena, kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi, habari za tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0: Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe. "Wawili, matano, siku moja!" akasema, akiinua vidole vya mkono mzima. Hatukubishana naye. Kwa jozi ya siku moja sijui nyingine ya kuishinda.

Lakini mfano uliokuwa ukinikereketa moyoni ni wa karibu zaidi, na ni wa mwenzetu. Amissi Tambwe alitoka Bujumbura akaenda Simba, na katika msimu wa 2013/14 akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 19. Desemba 2014 Simba wakamwacha. Akavuka barabara akaenda Yanga, na mwaka uliofuata akaletewa pembeni yake Donald Ngoma wa Zimbabwe. Msimu wa 2015/16 Tambwe alifunga 21, Ngoma 17, na Yanga wakatwaa ubingwa. Miguu ya Tambwe ilikuwa ile ile iliyoonekana haifai miezi michache nyuma. Ngoma alikuwa mtu wa nguvu na mbio, beki akimwacha ameumia; Tambwe ni mtu wa kuvizia, kichwa chake hufika mpira unapofika. Beki wawili hawawezi kumtazama mmoja na kumsahau mwingine. Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo jozi hata kwa kipimo cha Afande, maana wote wawili wameandikwa.

Ningeishia hapo na safu ingekwisha. Ila alikuwapo mama mmoja, jirani yetu, ambaye mumewe ni askari. Alikuja kumchukua mwanawe, akasimama akisikiliza, mtungi wa maziwa mkononi. Akatuambia kwamba Jumamosi ile ya tarehe 23 Machi 2019, tulipokutana na Gabon katika uwanja ulioitwa siku hizo Prince Louis Rwagasore, mumewe alikuwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika. Sare ilitutosha, Gabon walihitaji kushinda, na wao walikuwa na Aubameyang. Dakika ya 76 Cédric Amissi akafunga, na mtaa mzima ukalia kama umeangukiwa na radi. Simu yake ikaita hapo hapo. Mumewe alikuwa anapiga kelele kutoka Mogadishu: "Nani kafunga? Nani kafunga?"

"Nikamjibu Amissi," akasema mama yule. "Gabon wakasawazisha kwa bao tulilojifunga wenyewe, mpira ukaisha 1-1, tukaenda Misri kwa mara ya kwanza. Mume wangu alirudi salama, namshukuru Mungu. Lakini hata siku moja hajaniuliza nani alimpa Amissi ule mpira. Na nyinyi hapa, mabwana, ni nani?"

Tukatazamana. Afande alikohoa. Mzee wa Kigoma akautazama mguu wa benchi. Tulikuwa wanaume saba, wote tuliuona mchezo ule, na hakuna aliyefungua kinywa.

Kisha akaeleza lililomfanya aulize. Mwanawe ana miaka kumi na minne, anacheza mbele katika timu ya vijana ya mtaani. Kocha wake amemwambia kwamba mwezi ujao nafasi yake atapewa mwingine, kwa kuwa katika michezo sita hajafunga bao. Mwenzake wa mbele amefunga manane. Mtoto amekwisha kuficha viatu vyake uvunguni mwa kitanda, na baba yake yuko kambini, harudi hadi mwisho wa mwezi.

Usiku ule sikulala upesi. Sababu yake sikuwaambia barazani, nakuambia wewe. Nilipotoka chuo cha ualimu na cheti changu kipya, nilikabidhiwa timu ya wavulana katika shule moja. Nilikuwa na daftari. Kila mchezo niliandika jina na idadi ya mabao, nami niliona fahari, kwani nilidhani nimewaondolea watoto upendeleo: hesabu haina mjomba. Nilikuwa na wavulana wawili mbele. Mmoja alijaza daftari. Wa pili, mwembamba, mwenye tabia ya kukimbilia pembeni wakati wote, alikuwa na sifuri tisa mfululizo. Nikamwondoa. Nilimsomea sifuri zake mbele ya wenzake, nikidhani huo ndio uwazi. Katika michezo minne iliyofuata, yule mfungaji wangu hakufunga hata bao moja. Beki wote walikuwa wamemrudia yeye. Nilipokwenda kumwita yule mwembamba, aliniambia kwa adabu kwamba sasa anamsaidia mama yake sokoni baada ya masomo. Hakucheza tena chini yangu. Daftari lile ninalo mpaka leo.

Basi sina budi kurekebisha niliyoyaandika. Mabao 6 ya Fiston ni ushahidi wa Fiston; nilimwongeza Berahino kwa sababu ya jina lake na kwa sababu alikuwa nahodha wetu kule Misri. Tena kule Misri tulicheza michezo mitatu, tukafungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagaska, 2-0 na Guinea, na wavu wa wenzetu hatukuugusa. Nikilazimishwa kutaja jozi ya Intamba leo, nitasema Fiston na Amissi: wa kwanza alitufikisha hadi siku ya mwisho tukiwa bado hai, wa pili alifunga lile bao moja ambalo pointi yake ilitufikisha 10, Gabon wakabaki na 8. Afande hakubali. Anasema nimemwacha fundi nikachukua bahati. Haya, tutaonana barazani.

Kwa yule kocha nilikwenda mwenyewe, Ijumaa baada ya kazi. Ni kijana mwenye heshima, hana mshahara, na viatu vyake ni vibovu kuliko vya wachezaji wake. Alinisikiliza, akasema, "Mwalimu, wazazi wakiniuliza kwa nini huyu anacheza na mtoto wao hachezi, mimi nitawaonyesha nini? Bao linaonekana." Nilishindwa kumlaumu, nilikuwa nikisikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ile. Nikamwomba mchezo mmoja tu.

Jumamosi nilikaa pembeni ya uwanja na daftari jipya, nimelipiga mstari katikati. Upande wa kushoto mabao. Upande wa kulia kila mara mtoto yule alipomtoa beki mahali pake, alipotoa pasi mbele ya lango, au alipoupokonya mpira kwa adui. Mama yake alisimama upande wa pili, amejitanda kanga, hakunitazama hata mara moja. Mtoto alicheza kipindi cha kwanza chote. Hakupiga golini. Mwenzake alifunga mawili. Upande wa kulia niliandika kumi na moja.

Mapumziko nilimpa kocha ule ukurasa. Aliusoma, akaugeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akaukunja akautia mfukoni. Kipindi cha pili kilipoanza, mtoto yule alikuwa bado uwanjani.